Lenzi ya Misa ya Kwanza

Padre Sebastiani alikataza wapiga picha kuvuka benchi la kwanza, na kamera yangu ilikuwa na lenzi moja tu. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ukisimama kwenye benchi la kwanza ukalenga ngazi ya altare kwa lenzi ile, mtu mzima anatoka kwenye picha kama punje ya ulezi kwenye ungo.

Simlaumu Padre. Sikukuu ya Pentekoste ya mwaka ule, tisini na moja, mpiga picha mmoja mgeni alipanda mpaka juu, akawa anapiga huku anarudi kinyumenyume. Akaangusha kinara cha mshumaa, kitambaa cha altare kikashika moto, na mtumishi mmoja akauzima kwa maji ya baraka. Jumapili iliyofuata tangazo likasomwa. Mpiga picha yeyote, mwisho wake benchi la kwanza. Taa za kumulika, marufuku.

Ningekuwa sijamwahidi mtu ningenyamaza, nikapiga picha za nje ya kanisa kama wenzangu. Lakini nilikuwa nimeahidi.

Niliyemwahidi ni Mama Fransiska wa Malangali, mjane anayelima mahindi na ulezi kwa mkono wake. Mwanawe Leonsi alikuwa anapewa upadre mwezi wa saba, na misa yake ya kwanza angeisoma kwetu, parokiani kwake. Mama huyu alikuja studioni kwangu Katandala siku chache baada ya Pasaka, kabla ya mambo ya moto. Aliketi kwenye kiti cha wateja bila kujitazama kwenye kioo. Watu wote hujitazama.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Flavian?"

"Ndiye mimi."

"Sitaki picha ya chakula. Sitaki picha ya wageni, wageni nawajua sura. Nataka moja tu. Misa ikikaribia kwisha, padre mpya humbariki mama yake. Nitapiga magoti mbele ya Leonsi. Hiyo ndiyo ninayoitaka."

"Moja tu, mama? Watu huchukua thelathini."

"Wana baba kwenye picha zao. Mume wangu Yohanes alikufa hana picha hata ya kitambulisho. Wadogo zake Leonsi wakiniuliza baba alikuwaje, nawaambia mtazameni kaka yenu pua. Sasa na mimi nikifa, wakiuliza mama alikuwaje, waonyeshwe nini? Waonyeshwe hiyo."

Nikamwambia atapata. Niliyasema kirahisi, maana wakati ule nilijua ningesimama pembeni yake kabisa. Halafu moto ukawaka, tangazo likasomwa, na yeye hakuja kuniuliza. Alikuwa ameshaambiwa atapata, akaenda kuvuna ulezi wake.

Nieleze kamera yangu, maana bila hiyo mtu hataelewa. Ni ya Kirusi, ya chuma, nzito kama nyundo. Si zile unazotazama kupitia lenzi yenyewe. Hii ina kidirisha chake juu, na lenzi iko chini, kila moja inatazama kivyake. Ndani ya kidirisha, katikati, unaona kila kitu mara mbili, mtu na kivuli chake kimesogea kando. Unazungusha lenzi taratibu mpaka viwili vinakuwa kimoja. Vikishaungana, bonyeza, picha itakuwa kali. Ninaipenda kwa sababu haipigi kelele, inasema "tik" kama mtu anayekunja kidole. Lenzi unaifungua kama kifuniko cha chupa na kufunga nyingine, kama unayo. Mimi sikuwa nayo. Miaka yote ya nyuma kupata filamu tu ilikuwa ni kujuana na mtu wa duka la ushirika. Lakini siku zile biashara ilikuwa imefunguliwa, na mpakani Tunduma watu walikuwa wanashusha kila kitu kutoka kila upande, redio, masufuria, viatu vya mguu mmoja mmoja.

Aliyeniambia kuhusu lenzi ni Epifania, dada mkubwa wa mke wangu Rozina. Epifania ana meza ya mitumba Kizwite na kila mwezi hupanda lori kwenda Tunduma kununua belo. Ni mwanamke mnene, ana sauti, na parokiani ndiye alikuwa mshika bendera wa chama cha akina mama. Hakuna mtu mji huu aliyewahi kumuuzia kitu kibovu mara mbili.

"Shemeji," akaniambia nilipomweleza, "Tunduma kuna kijana anaitwa Alfonsi. Ana meza ya vitu vya wazungu waliohama. Ana vitu kama hivyo vyako, vya kioo. Mimi nilidhani ni vikombe."

"Vya kufunga kwa kuzungusha?"

"Ningejuaje? Sikuvizungusha. Twende ukazungushe mwenyewe."

Kabla hatujaondoka alinipeleka kanisani siku ya kazi, hakuna mtu. Alikuja na kamba ya kufungia belo. Akanisimamisha kando ya nguzo, mwisho wa benchi la kwanza, akanipa ncha moja nishike, akaenda na ncha nyingine mpaka mahali Mama Fransiska angepiga magoti. Hapo akaikunja kamba, akafunga fundo.

"Fundo la nini?" nikamuuliza.

"Wewe unakwenda kununua nguo bila kipimo cha mtu?"

Mimi na ujuzi wangu wa miaka yote sikuwa nimewaza kupima. Nilitazama pia mwanga. Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma, madirisha yako juu na ni membamba, na hata saa nne asubuhi mwanga unaofika kwenye ngazi ni wa kijivu. Nikauweka kichwani.

Tulipanda lori na baiskeli yangu juu ya mizigo, na magunia mawili ya ulezi wa shamba letu. Rozina ndiye aliyeniruhusu kuyachukua. Alisema, "Ukirudi na lenzi mbaya, pitiliza. Usishuke hapa."

Alfonsi alikuwa na meza chini ya turubai. Alimtambua Epifania, akasogea kwa heshima kidogo.

"Karibu mama. Karibu bosi. Belo la watoto limefika jana."

"Leo sitaki belo," Epifania akasema. "Mwonyeshe shemeji yangu vikombe vyako."

Zilikuwa lenzi mbili za kuvuta, na nilipoweka ya kwanza kwenye kamera ikaingia na kukaza kama ilizaliwa nayo. Ya pili vilevile. Moja ilikuwa ndefu, nyeusi, nyembamba kama mchi mdogo. Nyingine fupi na nene, rangi ya fedha, na kioo chake cha mbele kilikuwa kikubwa kama jicho la ng'ombe. Ukiiinamisha kwenye jua, ndani yake unaona rangi ya zambarau ikipita polepole.

"Bosi chukua ndefu," Alfonsi akasema. "Hii ni bunduki. Unahesabu kope za mtu akiwa ng'ambo ya mpaka. Hiyo fupi ni ya akina dada wa studio."

Nasema kweli, nilitaka ndefu. Kila mtu anayeanza hutaka inayovuta zaidi. Nilishaishika mkononi na moyo wangu ulikuwa umeshalipa.

"Umeijaribu?" Epifania akauliza.

"Mama, belo halifunguliwi kabla ya kununua," Alfonsi akajibu akicheka. "Sheria unaijua kuliko mimi."

"Belo limefungwa kwa mkanda wa chuma, kijana. Hiki kimefungwa na nini? Na hewa?"

Watu wa meza za jirani wakacheka. Alfonsi naye akacheka, lakini akasema hakuna lenzi itakayotoka pale kwa mkopo. Epifania akamwonyesha baiskeli yangu. Baiskeli ilikuwa nzima, ya matairi mapya. Wakakubaliana ibaki pale mezani hadi turudi, na filamu ya majaribio iwe yangu.

Nilitafuta mahali penye mwanga kama wa kanisa letu. Nyuma ya stendi kulikuwa na ghala la mahindi, lina mlango mmoja na matundu ya hewa juu karibu na bati. Nikaingia, nikasimama, nikangoja macho yazoee. Ndiyo, ulikuwa kijivu kilekile. Mlinzi tukamnunulia soda.

Epifania akatoa kamba, akanipa ncha, akaenda nayo mpaka kwenye fundo. Akatandika gunia tupu, akapiga magoti, akafumba mikono. Makuli waliokuwa wanapakia wakasimama wote.

"Mama, gari limekuacha?" mmoja akauliza.

"Anaombea bei ishuke," mwingine akasema.

"Nahitaji padre," nikasema. Nikamwita kuli mmoja mrefu, Msukuma, jina lake Mboje, asimame mbele yake na kuweka mikono kichwani pake. Mboje alikuja akijifuta vumbi la mahindi kwenye suruali, na wenzake wakaanza.

"Mboje umepata upadre bila seminari!"

"Mbariki sana, huyo ana dhambi za mitumba!"

Epifania akasema bila kufumbua macho, "Wewe Mboje, weka mkono vizuri. Unashika kichwa cha mtu kama unachagua tikiti."

Nikapiga kwa ndefu, nikapiga kwa fupi. Halafu, kwa kuwa mahindi yalikuwa pale, nikapanga matano sakafuni, moja nyuma ya jingine, yakielekea mbali na mimi. Nikalenga la katikati. Nikazungusha mpaka vivuli viwili vikawa kimoja juu ya hindi hilo hilo, nikapiga. Nikafanya hivyo kwa kila lenzi. Kidirisha kinaweza kukuambia vimeungana wakati lenzi yenyewe inatazama kwingine. Hawaonani, hao wawili, na hutajua mpaka usafishe filamu.

Mpiga picha mmoja wa pale Tunduma alinipa chumba chake cha giza, nikasafisha. Nikachukua filamu ikiwa bado inatiririka maji, nikaenda nayo dirishani na kioo cha kukuzia.

Ile ndefu kweli ilivuta. Lakini mdomo wake ni mdogo, mwanga kidogo unaingia, nikalazimika kuiacha wazi muda mrefu kuliko mkono unavyoweza kutulia. Mboje alikuwa na mikono minne. Na yale mahindi: nililenga la katikati, lililotoka kali ni la mwisho. Lenzi ile ilikuwa inaona nyuma ya mtu.

Nikasogeza kioo kwenye picha za lenzi fupi. Sijui niseme vipi. Hindi la katikati ungeweza kuhesabu punje. La mbele yake na la nyuma yake yalikuwa yameanza kulainika. Na Epifania alikuwa pale, mzima, uzi wa kanga yake unaonekana, jasho la juu ya mdomo linaonekana, na magunia nyuma yake yamekuwa kama ukungu wa asubuhi kwenye mashamba ya ngano. Lenzi yangu ya zamani, ukimsogelea mtu, inamkuza pua na kumrudisha masikio nyuma, na wateja wamenitukana sana kwa hilo. Hapa sura ya Epifania ilikuwa sura ya Epifania. Aliyekisaga kioo kile sijamjua na sitamjua, lakini nilitamani kumwamkia shikamoo.

Nikamwita aone. Alitazama kwa muda mrefu akiwa amefunga jicho moja.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Mbona Rozina haniambii kama ni mzuri hivi?" Halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Sikiliza shemeji. Tukifika pale usicheke. Hata meno usionyeshe. Shika ile ndefu."

Nikaishika ile ndefu. Nikaigeuzageuza mbele ya Alfonsi kama mtu aliyeshindwa bei, na Epifania akawa anauliza juu ya ile fupi kama mtu anayeuliza bei ya kitufe. Ilisaidia. Hata hivyo Alfonsi si mtoto. Lenzi fupi ilikuwa na kijicho chake cha kutazamia, kidude cha kupachika juu ya kamera kinachoonyesha kile hasa kitakachoingia kwenye picha, na bila hicho kazi ingekuwa ya kubahatisha. Alikificha mfukoni mpaka mwisho, akakitoa tulipodhani tumemaliza. Kwa hiyo baiskeli ikabaki, na magunia mawili ya ulezi yakabaki. Tulirudi kwa lori, lenzi ikiwa imefungwa kwenye sweta la mtumba juu ya mapaja yangu.

Kitu kimoja haikuwa nacho ni kifuniko. Julai kwetu upepo hauna adabu, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Epifania akatafuta kopo la kiwi ya viatu, dogo, akajaribu kifuniko chake, kikakaa mbele ya kioo vizuri kabisa. Akakitia kitambaa laini ndani kisichubue kioo, akakisugua nje kwa majivu mpaka kinang'aa kama sahani ya komunyo.

"Sasa hata ukikiangusha utakiona," akasema.

Siku ya misa ya kwanza watu walijaa mpaka nje. Padre Leonsi alitoka nyumba ya mapadre kwa miguu, ngoma mbele, akina mama wanacheza na kupiga vigelegele, na vumbi likapanda juu ya vichwa vyote. Nilipiga picha mbili za maandamano. Nilipoona vumbi lile nikafunga kifuniko haraka, tukaingia ndani.

Nikakaa kwenye nguzo yangu, mwisho wa benchi la kwanza. Padre Sebastiani alinitazama, akatazama miguu yangu, akaridhika. Misa ikaanza. Nilipiga injili. Nilipiga mahubiri. Nilipiga mageuzo, Padre Leonsi ameinua hostia juu, na vivuli viwili ndani ya kidirisha viliungana vizuri kuliko siku yoyote. Nilikuwa na furaha ya mtu mwenye lenzi. Nilijiona fundi.

Kila picha niliyopiga mle ndani ilipigwa kifuniko kikiwa juu ya kioo. Kamera ya kidirisha haikwambii. Wewe unaona kanisa lote, mishumaa, sura za watu, na lenzi chini yake inatazama kopo la kiwi.

Epifania alikuwa upande wa pili, benchi la mbele la akina mama, bendera ya chama mkononi. Baada ya komunyo Padre Leonsi aliketi kidogo, kwaya ikaimba wimbo wa shukrani, ngoma zikalia. Nilimwona Epifania ananitazama. Nikafikiri anafurahia kazi yetu, nikamwitikia kwa kichwa. Akakohoa. Mimi nikatazama kamera nikahesabu fremu zilizobaki. Zilikuwa chache.

Wimbo ukaisha. Katekista akasema, "Sasa padre wetu mpya atambariki mama yake mzazi." Mama Fransiska akainuka.

Nikainua kamera, na pembeni mwa jicho nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona kanisani kwetu. Epifania alikuwa amempa jirani yake bendera, akashika kitambaa cha kichwani kwake kwa mkono mmoja, akakivua. Nywele wazi, mbele ya watu wote, mbele ya Sakramenti. Akina mama wa pembeni wakamgeukia. Akakirudisha kichwani. Akakivua tena, kwa nguvu, akinikazia macho, kisha akakielekeza kwangu. Nilidhani amepandwa na kichaa. Akakirudisha, akakivua mara ya tatu, na safari hii akakigonga kwa vidole kama mtu anayegonga kopo.

Nilipeleka mkono mbele ya lenzi. Nikagusa bati.

Nikaling'oa na kulitupa. Liligonga sakafu na kuviringika chini ya benchi, na sikujali lilikokwenda.

Mama Fransiska alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Akapiga magoti, mahali palepale pa fundo. Sasa kwetu Ufipa, mtoto ndiye humpigia mzazi magoti. Ndivyo tulivyolelewa wote. Unamwona mama, unashuka chini, unapiga makofi polepole, unangoja aitikie. Hakuna anayelifikiria, magoti yanajua yenyewe. Na Padre Leonsi, pamoja na miaka yote ya seminari, alipomwona mama yake anashuka chini, magoti yake yalishuka pia. Akawa amepiga magoti mbele yake, kasula, vazi lake jipya la misa, imetandaa sakafuni, na mikono yake ikaanza kupiga makofi ya salamu.

Padre Sebastiani alinyanyuka nusu kwenye kiti.

Mama Fransiska hakucheka wala hakulia. Nilimsikia, maana sikuwa mbali. Alisema kwa sauti ya chini, kama anamwelekeza mtu njia ya shamba, "Hapana, baba. Leo ni zamu yangu."

Akamshika mwanawe mikono yote miwili kwenye viganja, akaisimamisha ile kazi ya makofi, akainyanyua, akaiweka mwenyewe juu ya kichwa chake. Akainama chini yake. Vidole gumba vyake vilibaki vimeshika, kama anaogopa itaruka.

Nilizungusha lenzi nikilenga ukingo wa kitambaa cha mama. Viwili vikawa kimoja. Tik.

Filamu ya kamera yangu huvutwa kwa kuzungusha kitufe, haina haraka. Nilipokuwa tayari tena, Padre Leonsi alishasimama, watu wameshaanza vigelegele, na akina mama wamejaa mbele yangu. Nilipiga nyingine mbili, zikatoka migongo.

Niliisafisha filamu kesho yake. Zile mbili za maandamano zilitoka vumbi tupu, na sehemu kubwa iliyofuata ilikuwa nyeupe kabisa, haina kitu, unaona dirisha kupitia kwake. Halafu ikaja moja. Nikaikuza kwenye karatasi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, na wakati inatokeza kwenye maji ya dawa, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa vile vidole gumba. Vina nyufa za jembe. Kisha mikono ya kijana, laini, ya kalamu. Kisha sura ya mama, ukubwa wa sura ya mtu, pua ni pua, na nyuma yake mishumaa ya altare imekuwa mipira ya mwanga isiyo na makali. Nimepiga picha tangu ujana wangu. Hiyo ndiyo ninayoweza kumwonyesha mtu nikanyamaza.

Mama Fransiska aliiangalia akiwa amesimama mlangoni kwangu, hakuketi.

"Kumbe mikono yangu imezeeka hivi," akasema. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaigeuza tena mbele. "Na Leonsi amekaa kama Yohanes. Shingo hiyo ni ya Yohanes."

"Samahani mama, ni hiyo moja tu."

"Niliomba ngapi?"

Akaifunga kwenye kanga, akaenda.

Wiki hiyohiyo viongozi wa chama cha akina mama walimwita Epifania. Nilitaka kwenda kuwaeleza kuhusu kifuniko, akanikataza. "Kitambaa nilivua mimi, shemeji, hakikuanguka," akasema. "Na nilivua mara tatu. Wewe ukaeleze nini?" Alikuwa anapanga mashati mezani kwake Kizwite, analikung'uta kila moja na kulitazama kwenye jua kwapani, kama alivyozoea.

Kwa hiyo gharama yake ni hii. Baiskeli moja ya matairi mapya. Tangu siku hiyo naenda kazini kwa miguu. Magunia mawili ya ulezi, na Rozina hakupika pombe mwaka ule. Filamu mbili, ya ghalani na ya kanisani. Kifuniko cha kopo la kiwi, hakikupatikana. Injili, mahubiri na mageuzo ya misa ya kwanza ya Padre Leonsi, hakuna picha. Bendera ya akina mama, Epifania alinyang'anywa kwa mwaka mzima, akabebeshwa mwingine. Picha iliyopatikana, moja.